Kebo ya Kulia

Askari wa Kituo cha Polisi Korogwe walikuwa wakiikwepa meza ya pembeni ya chumba cha upelelezi kama watu wanaomkwepa chatu aliyeshiba. Juu ya meza hiyo kulikuwa na kisanduku cheusi chenye vitufe vya kukanyaga kwa mguu na kioo kidogo kilichozimika, kimefungiwa karatasi ya kielelezo kwa uzi mwekundu. Wanamuziki walikiita kompyuta. Mwanamke mfagiaji alikuwa amefagia chumba chote asubuhi ile, akaacha vumbi la chini ya meza hiyo kama lilivyokuwa.

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa baa moja pale Manundu, mpiga gitaa la solo wa bendi ya Katani Stars, Eliasi, alirudi jukwaani baada ya mapumziko. Akazigusa nyuzi, akasogeza mdomo kwenye maiki ili aitikie, akaanguka kifudifudi. Daktari aliandika kwamba ameuawa na umeme. Ukumbi ulikuwa umejaa, na waliohojiwa wote walisema neno moja: kompyuta mpya ya Eliasi imemuua mwenyewe.

Inspekta Nasinkoi Kaika, binti wa wafugaji wa nyika za Handeni, alikuwa mpelelezi wa kesi hiyo, na muda ulikuwa unamwishia.

"Jumatatu Nicolaus anapanda kizimbani," alisema mkuu wake, Afande Laurenti, bila kuketi. "Fundi mitambo wa bendi ndiye aliyeunga nyaya. Mtu amekufa. Na yeye tangu tumkamate hasemi neno."

"Hasemi kwa sababu gani, afande?"

"Kwa sababu ana hatia. Wewe unaijua sababu nyingine?"

Nasinkoi aliisogelea meza ya pembeni. "Naomba nimtoe mahabusu," alisema. "Akiunge hiki chombo mbele yangu kama alivyokiunga siku ile."

Laurenti alikitazama kisanduku, akarudi nyuma hatua moja. "Kikimrusha, au kikikurusha wewe, mimi simo."

Nicolaus aliletwa peku, suruali haina mkanda, ndevu za wiki nzima zimemwota ovyo. Alikuwa mtoto wa Ngombezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la katani, na alikuwa amesoma ufundi wa umeme. Nasinkoi alimfungua pingu mkono mmoja. Mezani aliweka gitaa la Eliasi, kebo moja, hedifoni za Eliasi na adapta.

"Kiwashe."

Nicolaus aliichukua adapta, akaigeuza, akasoma maandishi mgongoni. Akairudisha mezani.

"Hii si yake."

"Una hakika?"

"Hii ni ya redio. Inatoa umeme kama wa betri. Kompyuta inakula volti tisa, lakini umeme wake ni kama wa ukutani uliopunguzwa. Ukichomeka hii haitawaka, na ikiwaka itaungua."

Nasinkoi alifungua droo, akatoa adapta halisi. Alikuwa ameificha makusudi. Mtu mwenye hatia angefurahi kukiunguza kielelezo mbele ya polisi na kusema si kosa lake.

"Volti tisa zinaweza kumuua mtu, Nicolaus?"

"Haziui hata nzi."

"Basi kompyuta haikumuua Eliasi."

Nicolaus aliinamisha kichwa. 

Aliichomeka adapta. Kioo kikawaka rangi nyekundu. Askari aliyekuwa mlangoni alijikohoza na kutoka nje. Nasinkoi alichukua bisibisi yenye taa ndani ya mpini, ile ya kupimia umeme, akagusisha ncha yake kwenye chuma cha kisanduku, kisha kwenye nyuzi za gitaa. Taa haikuwaka. Akavaa hedifoni, akapitisha kidole kwenye nyuzi. Kimya.

"Hakuna sauti. Kimekufa?"

"Usiguse kitu, afande. Kwanza ujue sauti inapotelea wapi." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata nguvu. "Unaanza kwenye gitaa, unafuata njia. Kitufe cha sauti cha gitaa kiko juu? Ndiyo. Kebo nzima? Itikise. Haikwaruzi, basi nzima. Sasa tumefika kwenye kompyuta." Akakitazama kioo. "Iko kwenye kutyuni. Hapo huwa inafunga mdomo ili watu wasisikie ukikaza nyuzi."

Akabonyeza kitufe kwa kiganja. Nasinkoi alishtuka kwenye kiti. Masikioni mwake gitaa lilinguruma kama limeunganishwa na spika zenye ukubwa wa kabati.

"Ndani mna amplifaya za kuiga," Nicolaus alieleza. "Nyingi tu. Hii inaiga ya Waingereza, hii ya Wamarekani. Chini yake kuna milio: mwangwi, mkwaruzo, mtetemo. Ukipata unaoupenda unauhifadhi kwa namba. Namba ya Eliasi ilikuwa hii."

Akaifungua namba hiyo. Nasinkoi akapiga uzi mmoja, na mwangwi ukaitikia polepole mpaka ukafifia.

"Unasikiaje?" Nicolaus aliuliza.

"Kama mtu anayeita bondeni."

"Unarukaruka? Sikio hili, kisha lile?"

"Hapana. Umekaa sikio la kushoto tu."

Nicolaus aliomba hedifoni. Akasikiliza, akapiga tena, akasikiliza. Kisha akaanza kufungua kurasa za kile kioo kidogo kwa haraka, moja baada ya nyingine, jasho likimtoka.

"Sivyo nilivyoiacha," alisema.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Maana sijui kitu."

"Kompyuta ina midomo miwili, kushoto na kulia. Kebo ya kushoto ilikwenda kwenye amplifaya kuukuu nyuma ya Eliasi, ile tuliyorithi kwenye klabu ya wafanyakazi wa shamba. Kebo ya kulia ilikuja kwangu, kwenye mikseri, ili watu wa mbali wasikie kwenye spika kubwa. Mwangwi ulikuwa unaruka kushoto, unaruka kulia. Eliasi aliupenda mno. Mtu ameugeuza, amerundika sauti zote kwenye mdomo wa kushoto."

"Labda aliukanyaga mwenyewe kwa bahati mbaya."

"Haiwezekani. Mpaka uingie ukurasa wa nne, ubadilishe, kisha ubonyeze kuhifadhi, na kompyuta ikuulize kama kweli unataka, ubonyeze tena."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?"

"Ili ukiondoa kebo ya kulia, Eliasi asijue. Kama mwangwi ungekuwa unaruka, nusu ingepotea, naye angesimamisha muziki palepale."

Nasinkoi alizipokea hedifoni. "Na kebo ya kulia ikiondolewa, kunatokea nini?"

Nicolaus aliizima kompyuta. Alitazama sakafu, akatazama dirisha. Nje, lori la katani lilipita likielekea stesheni.

"Nicolaus. Jumatatu ni keshokutwa."

"Nilikata waya wa ethi," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba Nasinkoi alilazimika kuinama. "Kwenye plagi ya amplifaya. Ule waya wa kupeleka umeme uliopotea ardhini."

"Kwa nini?"

"Tulipounga kompyuta mara ya kwanza kulikuwa na mvumo, vuuu, hauishi. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha soketi. Mvumo ulitokana na ethi kupita njia mbili, moja kwenye plagi na nyingine kwenye kebo ya kulia mpaka mikseri. Nikakata moja. Mvumo ukaisha, kila mtu akanipigia makofi. Nikajiambia ethi moja inatosha." Alijipangusa uso kwa mkono wenye pingu. "Ile amplifaya ni nzee, inavuja umeme kwenye bati lake. Kebo ya kulia ilipokuwa mahali pake, uliovuja ulikwenda zake. Ikitoka, bati lote lina moto, na nyuzi za gitaa zimeshikana na bati. Ukishika nyuzi na kugusa maiki..."

"Kwa hiyo ulinyamaza kwa sababu ulijua umemuua."

"Nilijua ni mkono wangu."

Nasinkoi aliinuka. Alikwenda kabatini, akatoa mfuko mwingine wa vielelezo, akautoa waya mweusi mrefu. "Mimi ndiye niliyekwenda kukusanya vyombo siku ile. Kompyuta ilikuwa na kebo moja tu ya kutolea sauti, ya kushoto. Hii niliikuta juu ya spika. Unaikumbuka?"

"Ndiyo yenyewe. Ya kulia."

"Nilikuta imekunjwa duara, ncha yake imepitishwa katikati, kama mtu anavyofunga kamba ya ng'ombe aliyekwisha kuuzwa. Kebo ikichomoka kwa sababu mtu amejikwaa, huwa inajikunja?"

Nicolaus aliipokea kebo, akaigeuzageuza.

"Kabla ya mapumziko ilikuwa mahali pake?"

"Ilikuwepo. Nilimsikia Eliasi kwenye mikseri vizuri kabisa. Baada ya mapumziko nikapandisha sauti yake, hakuna kitu. Nikaacha mikseri niende jukwaani kutazama. Sikufika."

"Nani alijua kwamba kebo hiyo ndiyo inayowalinda?"

"Wote. Tulipokuwa mazoezini Ngombezi ilichomoka, Eliasi akang'atwa na maiki mpaka mdomo ukatoka damu. Nikawaambia wote, kebo hii isiguswe, ndiyo ethi yetu. Walikuwepo Rosa mwimbaji, Habakuki wa gitaa la rithimu, wa besi, wa ngoma."

"Na nani kati yao anajua kuingia ukurasa wa nne na kuhifadhi?"

Nicolaus aliiweka kebo mezani. Alipojibu, alijibu kama mtu anayetembea kuelekea shimoni naye analiona.

"Eliasi. Na mimi."

"Habakuki je? Naye mpiga gitaa."

"Alikuwa anasema yeye na kompyuta mbalimbali. Alikataa hata kuisogelea."

Nasinkoi aliyakumbuka maelezo ya Habakuki aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Chombo kile sikijui, hata kinavyowashwa sijui.* Nyuma yake mtu alicheka kidogo. Afande Laurenti alikuwa amesimama mlangoni, haijulikani tangu lini.

"Kijana, umejimaliza mwenyewe," alisema. "Waya umeukata wewe, kompyuta unaijua wewe. Inspekta, umefanya kazi nzuri. Andika."

Nasinkoi hakuandika. Kitu kilikuwa kinamsumbua, na hakikuwa mezani pale. Aliitazama orodha ya vielelezo mara mbili. Kompyuta, adapta, gitaa, hedifoni, kebo tatu.

"Afande, amplifaya iko wapi?"

"Nilimrudishia Mama Mwanaidi, mwenye bendi. Alilia njaa. Haikuwa kielelezo, kila mtu alisema ni hicho kisanduku."

Nicolaus aliruka kwa nguvu hata kiti kikaanguka. "Afande! Waya wa ethi haujarudishwa! Na kompyuta iko hapa! Bila kompyuta gitaa linaingia moja kwa moja kwenye amplifaya, hakuna tena kebo ya kulia!"

"Kaa chini!"

"Haina ethi hata moja!"

Nasinkoi alikwisha kuushika mkono wa simu. "Wanapiga lini tena?"

"Leo," alisema askari wa kaunta kutoka nje. "Mchana. Handeni, siku ya mnada. Wametangaza kwenye redio, wamepata mpiga gitaa mpya. Mmasai."

Simu ya Kituo cha Handeni iliita mpaka ikakatika. Nasinkoi alipiga tena. Siku ya mnada askari wote walikuwa mnadani. Simu za mkononi zilikuwa zimefika kwa matajiri wa Tanga mjini, lakini huku bado. Alimtazama Laurenti, na Laurenti, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa amegeuka rangi.

"Chukua Landrover," alisema. "Mchukue na yeye. Kwa pingu."

Barabara ya Handeni ilikuwa ya vumbi jekundu na makorongo, na dereva aliiendesha kama mtu aliyeibiwa. Nasinkoi alikaa mbele, Nicolaus na konstebo nyuma. Kompyuta ilikuwa mapajani mwa Nasinkoi kwa kuwa konstebo alikataa kuipakata.

"Huenda umeme umekatika Handeni," Nicolaus alisema kutoka nyuma.

Maishani mwake Nasinkoi hakuwahi kuomba umeme ukatike. Sasa aliomba. Siku hizo mgao ulikuwa haumwachi mtu, umeme ulikatika watu wakiwa wanapiga pasi, ulikatika watu wakiwa wanapasuliwa. Kwa nini usikatike leo?

Walipoingia Misima dereva alipunguza mwendo kupisha mbuzi, na wote wanne wakausikia: mlio wa mashine ya kusaga, mnene, hauna wasiwasi.

"Ni ya dizeli, labda," alisema konstebo.

Nasinkoi alichungulia nje. Mama mmoja alikuwa amejitwisha debe la unga. "Shikamoo mama! Hiyo mashine ni ya dizeli?"

"Marahaba mwanangu. Ya umeme! Tena leo umeme una nguvu ajabu!"

Dereva hakungoja aambiwe.

Muziki waliusikia kabla hawajauona uwanja. Ng'ombe walikuwa wamejaa mpaka barabarani, na Landrover ikakwama kati ya mikia na pembe. Nasinkoi alishuka na kukimbia. Upande wa pili wa mnada, mbele ya ukumbi, kulikuwa na jukwaa la mbao chini ya turubai. Ili vumbi lisiwachafue wachezaji, mtu alikuwa amemwaga maji mapipa kwa mapipa. Chini yote ilikuwa tope, na mbao za jukwaa zilikuwa zimelowa.

Rosa, mwimbaji, alikuwa katikati na maiki mkononi. Kulia kwake alikuwa Habakuki, sasa ndiye mwenye solo. Kushoto alikuwa kijana mrefu mwenye shuka begani na katambuga za matairi miguuni, amepakata gitaa la rithimu. Nyaya zao zote mbili ziliingia kwenye amplifaya moja kuukuu. Kijana yule, Kasaine, alikuwa akipiga vizuri, na wenzake wa malishoni walikuwa wakiruka mbele yake kwa furaha. Mbele yake kulikuwa na maiki ya kusimama.

"Na sasa," Rosa alitangaza, "Kasaine wetu anatuitikia kwa Kimaa!"

Nasinkoi alipiga kelele. Hata yeye mwenyewe hakujisikia. Akapiga tena, safari hii kwa Kimaa, kama mama yake alivyokuwa akimpigia akimwona nyoka njiani. Kasaine aligeuza macho, akamtafuta aliyeita, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuinama kuelekea maiki.

Pembeni ya Nasinkoi mtu alipita mbio. Alikuwa Nicolaus, pingu zikining'inia mkono mmoja, anakimbilia ukutani mwa ukumbi ambako waya mrefu ulitokea dirishani. Konstebo alikuwa nyuma yake. Alimrukia, akamkamata kiuno, wote wawili wakaanguka kwenye tope.

"Anatoroka!"

"Mwache!" Nasinkoi alipaza sauti. "Mwache, nakwambia!"

Konstebo aliachia. Nicolaus alitambaa, akaukamata waya kwa mikono miwili, akauvuta kwa uzito wake wote mpaka plagi ikaruka kutoka dirishani.

Magitaa yakafa. Ngoma zikaendelea peke yake kidogo, zikababaika, zikanyamaza. Mdomo wa Kasaine ulikuwa umeacha nafasi ya kiganja tu kufika kwenye maiki.

Umati ulianza kuzomea. Mama Mwanaidi, mwanamke mnene mwenye khanga mbili, alishuka jukwaani akiwa amevimba. "Inspekta! Kwanza mmeninyang'anya kompyuta, sasa mnaninyang'anya mnada?"

"Mama, samahani. Nakuomba dakika moja. Hakuna anayegusa kitu."

Aliamuru maiki ziondolewe, wapigaji washushe magitaa na kusogea, kisha Nicolaus arudishe plagi. Yeye mwenyewe alichuchumaa kwenye ubao mkavu na kugusisha ncha ya bisibisi kwenye uzi wa gitaa la Kasaine. Taa ndani ya mpini ikawaka, rangi ya chungwa, wazi hata kwenye jua. Waliokuwa karibu waliacha kuzomea. Kasaine aliitazama taa ile, kisha akajigusa midomo.

"Zima," Nasinkoi alisema.

Alipoinuka ndipo alipoona. Pale alipokuwa amesimama Habakuki palikuwa na kipande cha mpira mnene wa lori, kimekatwa kwa kisu, kinatosha miguu miwili. Maiki yake iliyoondolewa ilikuwa imevishwa soksi, na juu ya soksi imefungwa nailoni na kukazwa kwa mpira wa baiskeli. Nasinkoi aliitazama maiki ya Rosa. Ilikuwa wazi. Maiki ya Kasaine ilikuwa wazi.

Habakuki alikuwa mtu wa makamo, mikono yake ina makovu ya mashine za katani. Alikuwa akifunga gitaa lake kwenye gunia bila haraka.

"Kaka Habakuki, pole na kazi."

"Tumeshapoa, afande."

"Huu mpira ni wa nini?"

"Miguu inaniuma. Tunasimama muda mrefu."

"Na soksi kwenye maiki?"

"Vumbi."

"Maiki ya Rosa haiingii vumbi?"

"Rosa hajanituma."

Nasinkoi alisogea karibu. Aliuliza kwa upole, kama anauliza habari za nyumbani. "Nini kilimuua Eliasi?"

"Kompyuta. Nilikwisha kuandikisha."

"Kompyuta iko wapi wiki nzima hii?"

"Kwenu. Polisi."

"Basi hapa ulikuwa unaogopa nini?"

Habakuki alikaza fundo la gunia.  Watu walikuwa wamesogea mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Korogwe nzima inaiogopa kompyuta," Nasinkoi alisema. "Askari wangu wanapita mbali nayo. Wewe peke yako unaiogopa amplifaya. Kwa kuwa wewe ulijua ni nini kilichobaki baada ya kebo ya kulia kutoka."

"Nicolaus alituambia wote. Hata Rosa alijua."

"Rosa amesimama kwenye mbao zilizolowa na maiki tupu," alisema Nasinkoi. "Rosa hana gitaa mkononi, lakini hata yeye hakuona haja ya kumwambia Kasaine, maana alidhani hatari imefungiwa kituoni kwangu. Wewe hukudhani hivyo."

"Mimi kompyuta siijui. Mtafuteni aliyeibadilisha."

Alipolisema neno hilo Nicolaus aliinua kichwa. Nasinkoi pia.

"Nani amekwambia imebadilishwa?"

Habakuki aliliachia gunia. Rosa alimsogelea.

"Eliasi alipolazwa na malaria," alisema polepole, "tulikwenda kupiga harusi Mkumbara. Solo ulipiga wewe, Habakuki. Kwa kompyuta. Mwangwi uleule. Nilikusifu, ukaniomba nisimwambie Eliasi kwamba umeichukua."

Habakuki aliketi juu ya amplifaya, kisha akakumbuka ni nini na akainuka haraka. Watu wachache walicheka, wakaona aibu kwa kucheka.

"Nilikuwa kiwandani Ngombezi tangu ujana," alisema, na hakuwa anamwambia mtu maalumu. "Shamba likauzwa, tajiri mpya akaja na mashine zake, akasema watu wapungue. Nikapunguzwa. Nikasema sawa, nina gitaa. Kikaja kisanduku hicho. Eliasi akamwonyesha Mama Mwanaidi, tazama, kinaweza kuwa magitaa mawili. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Wakasema mwisho wa mwezi niondoke. Nikapunguzwa na kisanduku."

Mama Mwanaidi alitazama kando.

"Nilitaka imng'ate tu," Habakuki aliendelea. "Kama ile ya mazoezini. Aiogope, airudishe ilikotoka. Sikujua kwamba inaua."

"Uliugeuza mwangwi ili asishtuke mapema."

"Nilitaka afike kwenye maiki. Ndiyo. Nilitaka ang'atwe."

Kasaine alikuwa amesikiliza yote hayo bila kujongea. Sasa alipita kati ya watu, akasimama mbele ya Habakuki. Alizungumza Kiswahili chake cha taratibu, kwa heshima ileile aliyomwamkia nayo asubuhi.

"Mzee, mimi nimekuja jana tu. Umenipokea, umenipa chai. Asubuhi nimekuona unakata mpira huo kwa kisu, nikakuuliza wa nini, ukasema wa miguu." Aliunyooshea mpira kidole. "Yule kaka ulitaka ang'atwe tu, hukujua kwamba inaua. Na mimi? Leo si ulikuwa unajua?"

Habakuki alimtazama kijana yule usoni, kisha shukani, kisha miguuni.  Kisha akamnyooshea Nasinkoi mikono yote miwili.

Nasinkoi alikuwa na pingu zile tu. Alizifungua mkononi mwa Nicolaus, zikiwa zimejaa tope, akamfunga Habakuki mbele ya watu wake. Konstebo alimshika mkono akamwongoza kati ya ng'ombe, na watu wakawapisha bila kelele.

Nicolaus alibaki akijisugua kifundo cha mkono. Alikuwa akiitazama plagi aliyoing'oa, ile yenye nyaya mbili tu ndani.

"Na mimi, afande?" aliuliza. "Waya niliukata mimi."

"Ndiyo, uliukata wewe," Nasinkoi alisema. "Utapanda gari na sisi. Jumatatu utasimama kizimbani kama ilivyopangwa."

Nicolaus alitikisa kichwa kukubali.

"Ila utajibu kosa lako mwenyewe," Nasinkoi alisema, "si la mwenzako."